Maji Yaliyoandikwa Mara Mbili

"Eje, hebu njoo uone kituko," Begimai alisema bila kuondoa macho kwenye skrini. "Kumbe nchi yetu ina maji mawili."

Kalipa, ambaye kila mtu maktabani alimwita eje, dada mkubwa, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Hakukimwaga. Alikiweka juu ya kabati polepole, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia, kisha akakaribia huku akijifuta viganja kwenye sketi. Viganja vilikuwa vikavu.

"Tazama hapa juu," Begimai alionyesha kwa kalamu. "Kompyuta imepanga maneno yote tuliyotumia tangu uhuru. Usalama, biashara, dini, mpaka, jirani. Sawa. Lakini kabla hata herufi ya kwanza ya Kisirili haijaanza, kuna neno limekaa peke yake. Suu. Halafu shuka, shuka, shuka hadi kwenye S, pale panapostahili. Suu nyingine! Nani alikuwa akipiga chapa kwa kibodi ya Kilatini? Ni wewe, eje? Ulikuwa umelewa?"

"Labda," Kalipa alisema. "Labda ilikuwa sikukuu ya Nooruz."

"Nooruz ya miaka mitatu mfululizo?" Begimai alicheka hadi akashika tumbo. "Kweli nyie wazee mlikuwa na sherehe!"

Kalipa naye alicheka, kwa sababu asingecheka angeulizwa.

Neno maji, kwa Kikirgizi, ni suu. Kwa herufi zetu za Kisirili huandikwa kwa alama tatu, na alama hizo, ukizitazama kwa jicho, ni zilezile C na Y mbili za Kilatini. Mapacha kabisa. Mwalimu hatagundua, waziri hatagundua, mama aliyezaa hao mapacha hatagundua. Mashine peke yake ndiyo inayojua kwamba hili ni neno na lile si neno. Ukiiambia itafute maji, na maji yameandikwa kwa herufi za ugenini, itakujibu kwa adabu kwamba hakuna kitu.

Begimai alikuwa mtoto mdogo wakati Kalipa alipojifunza hilo. Sasa alikuwa daktari wa uhusiano wa kimataifa, amesoma ng'ambo, amerudi na miwani mizuri na mkataba wa mwaka mmoja wa kuchora kile alichokiita ramani ya mielekeo: kila tasnifu, kila makala, kila kijitabu ambacho wasomi wa nchi hii wameandika kuhusu majirani zetu na dunia, mada kwa mada, mwaka kwa mwaka. Kila mada ilikuwa na mstari wake wa rangi. Maji yalipewa buluu. Na mstari wa buluu ulikuja vizuri tangu miaka ya mwanzo, ukafika mahali fulani ukaanguka hadi sakafuni, ukalala kama mtu aliyepigwa, halafu baada ya miaka mitatu ukainuka tena kwa shida.

"Nilikuwa nimekwisha andika hitimisho," Begimai alisema. "Eti katika miaka hiyo wasomi waliacha kabisa kujali maji. Nilishangaa, maana ndiyo miaka lile bwawa la umeme lilipokuwa tupu. Kumbe ni kibodi tu! Sasa ona, nayaunganisha."

Alibonyeza. Mstari wa buluu ulinyanyuka kutoka sakafuni, ukapanda, ukapita usalama, ukapita biashara, ukasimama katikati ya picha kama mlima wa Ala-Too siku isiyo na moshi.

Kalipa alishika ukingo wa meza.

"Rudisha," alisema.

"Nini?"

"Rudisha kama ulivyokuwa, mwanangu. Nakuomba."

*

Wapo watakaosema majira yale ya baridi yamesahaulika. Hayajasahaulika. Tuliokaa gizani tukichemsha maji ya mtoto kwa makaa ya mawe tunakumbuka vizuri. Bwawa lilikuwa tupu. Taa zilizimwa mtaa mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyetuambia maji yameteremshwa kwa nani, kwa makubaliano gani, na nani alishika kalamu. Wachache waliuliza. Hawakuuliza barabarani. Waliuliza kwa namna waliyofundishwa, katika makala zenye tanbihi na majedwali, katika Taasisi yetu ya orofa tano yenye zulia jekundu kwenye ngazi za mbele tu.

Amri ilikuja kwa mdomo. Wakubwa wamejifunza kwa waliowatangulia: karatasi ina ulimi. Aliyeileta alikuwa Sagynbek, katibu wa elimu wa Taasisi wakati huo, kijana mwenye sauti laini aliyepeana mikono na kila mtu mpaka wafagiaji. Kazi zote zenye neno maji zipelekwe orofa ya tatu, kwa Idara ya Kwanza, ile ya usalama, zikaguliwe. Zilipanda. Hazikushuka. Wiki ile bomba la moshi la tanuri la nyuma lilifuka hata mchana. Mwalimu Jumabai, mmoja wa walioandika, alifuatwa na gari kutoka darasani, na aliporudi baada ya muda hakuweza tena kushika chaki; vidole havikukunjika. Alikufa akiwa mlinzi wa gereji. Sagynbek alikwenda msibani na kondoo mzima.

Na leo Sagynbek ni naibu mkurugenzi. Watu wa namna yake hawazeeki, wanapanda vyeo.

Siku amri ilipofika walimwambia Kalipa, mwandishi wa katalogi ya maktaba ya orofa ya chini: kesho tutakuja kuchukua orodha kutoka kwenye mashine, kwa hiyo panga vizuri mambo yako. Alikuwa na mchana mmoja. Aliutumia wote. Alifungua jina la kazi moja baada ya nyingine, akafuta maji, akabadilisha kibodi, akayaandika tena kwa herufi za wageni. Chache aliziacha kama zilivyo, za waandishi waliokwisha kufa, ili wakaguzi wasiondoke mikono mitupu wakaanza kuwaza. Na hizo nazo bado anazikumbuka kwa majina, na wajane wao akikutana nao sokoni huwauliza habari za wajukuu kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Kesho yake Sagynbek alisimama nyuma ya kiti chake, pumzi yake ikinuka tufaha. "Tafuta, eje," alisema. Alitafuta. Mashine ilijibu. Walichukua zile chache kwenye rafu wakaondoka. Waliamini mashine kuliko macho yao.

Zilizobaki ziliendelea kukaa kwenye rafu, migongo nje, mbele ya watu wote. Kalipa hakumwambia yeyote. Hata mumewe alikufa bila kujua.

*

Begimai alisikiliza hayo yote hadi mwisho. Alikuwa amevua miwani, na bila miwani alionekana msichana wa shule.

"Eje," alisema hatimaye, "hii si aibu. Hii ndiyo habari yenyewe! Utafiti wangu mzima ni takataka mbele ya hili."

"Omurzak yu hai."

"Nani?"

"Omurzak-agai, mwalimu wa zamani hapa. Kitabu kikubwa kuliko vyote cha bwawa ni chake. Wengine wamekufa, au wako Almaty wanaendesha teksi. Yeye yuko hapahapa, nyuma ya soko, anaishi kwa pensheni ambayo Sagynbek anaitia saini. Na mazungumzo ya maji na nchi jirani yameanza upya, hujasikia redioni? Ukionyesha mlima wako leo, kabla jua halijazama watakuwa wamejua ni kazi zipi, za nani, na ni nani aliyezificha."

"Wewe."

"Mimi, ndiyo."

Begimai alitazama saa ya ukutani. Wageni waliolipia utafiti wangefika alasiri, na mkalimani wao. Sagynbek ndiye angefungua kikao.

"Na mimi mkataba wangu unaisha mwezi ujao," alisema kwa sauti ndogo. "Samahani, eje. Nimesema jambo la kijinga."

"Si la kijinga. Nipe mpaka baada ya chakula cha mchana."

Nje majani yalikuwa yameziba mifereji ya barabarani na moshi wa makaa umeshuka hadi usawa wa vichwa. Kalipa alitembea upesi. Mara mbili alihisi kuna mtu nyuma yake. Mara ya kwanza alikuwa mwanamke na kigari cha mtoto. Mara ya pili hakugeuka.

Mlango wa Omurzak ulikuwa na tundu la kuchungulia, na tundu lilitiwa kivuli muda mrefu kabla sauti haijatoka.

"Nani?"

"Kalipa. Wa maktaba."

"Nina kitabu chenu?"

"Hapana, agai. Sisi tuna chako."

Mnyororo uliondolewa. Mzee alikuwa amevaa fulana ya sufu na aproni ya marehemu mkewe, mikono imejaa unga. Jikoni kulikuwa na boga lililokatwakatwa na mafuta ya kondoo, na manti za mkupuo wa kwanza, vifuko vya unga vilivyojazwa boga, zilikuwa zinapikwa kwa mvuke. Alisahau kumkaribisha kuketi, akakumbuka, akamvutia kigoda.

Kalipa alimweleza kwa maneno machache, kwa sauti ya chini, huku bomba la maji likiwa limefunguliwa ili kelele zake ziyafiche. Kizazi chao hakihitaji kuambiwa kufungua bomba.

"Walisema vyote vilichomwa," Omurzak alisema.

"Si vyote."

"Changu?"

"Kipo."

Mzee alitazama mikono yake yenye unga kana kwamba ni ya mtu mwingine. Kalipa alingoja afurahi. Kwa miaka yote alikuwa amejitengenezea saa hii kichwani: mzee analia, anamshika mabega, anamwita dada.

"Nani mwingine anajua?" Omurzak aliuliza.

"Msichana mmoja. Mtafiti. Mzuri."

"Mzuri!" Alicheka kwa pua. "Jumabai naye alikuwa na wanafunzi wazuri. Sikiliza, Kalipa. Mjukuu wangu ameingia wizarani majira haya ya vuli. Walimchunguza mpaka kwa bibi wa bibi yake. Mimi waliniona mlevi anayebwabwaja matangani, wakampitisha. Unaelewa? Mimi kama mlevi ni salama. Mimi kama mwandishi nitamzika mtoto."

"Agai, mimi nilidhani..."

"Uliniokoa bila kuniuliza. Sawa, asante, Mungu akulipe. Leo umeniuliza. Basi niache nikae nimekufa." Alifungua sufuria, mvuke ukamficha uso. "Chukua manti, bado za moto. Usiondoke mikono mitupu, watu watasema Omurzak ni mchoyo."

Alirudi Taasisi na manti kwenye mfuko, zikimchoma ubavu kupitia koti.

"Uache mstari sakafuni," alimwambia Begimai.

Begimai aliitikia kwa kichwa. Alibonyeza, na mlima ukalala.

*

Ukumbini kulikuwa na baridi kwa sababu mabomba ya joto yalikuwa hayajafunguliwa, lakini wageni wawili walikaa bila makoti, wakitabasamu. Mkalimani alikuwa kijana mwenye tai nyembamba. Walimu walijaza viti vya nyuma kwanza, kama kawaida yao. Kalipa alisimama karibu na birika la chai, kwa kuwa ndiye aliyepangiwa kuangalia vikombe.

Begimai alizungumza vizuri, ila upesi mno. Mistari ilipita ukutani rangi baada ya rangi. Alipofika kwenye buluu alisema, "Hapa tunaona pengo," akaendelea na dini. Kalipa alivuta pumzi. Limepita, aliwaza. Limepita na hakuna aliyekufa.

Ndipo Sagynbek aliponyanyua mkono.

"Binti, turudishe kwenye maji."

Picha ilirudi. Sagynbek alisimama, akafunga kifungo cha koti, akageukia wageni. Nywele zilikuwa nyeupe sasa, lakini sauti ilikuwa ileile laini.

"Ndugu wapendwa, mimi leo nina furaha ya pekee. Kwa miaka mingi Taasisi hii imesingiziwa. Kuna watu, hasa mitandaoni, husema ati miaka hiyo wasomi wetu walizibwa midomo kuhusu maji. Ati vitabu vilichomwa. Sikuwahi kujibu. Nilisema, tuiachie sayansi. Na leo sayansi imejibu." Alinyoosha kidole kwenye mstari uliolala. "Hakuna aliyezibwa mdomo, kwa sababu hakuna aliyeufungua. Hakuna kilichochomwa, kwa sababu hakuna kilichoandikwa. Naomba picha hii iingie kwenye taarifa itakayokwenda kwa wajumbe wa mazungumzo."

Wageni waliandika. Walimu wa viti vya nyuma walitazama viatu vyao. Wengine kati yao walikuwa wamebeba vile vitabu kwa mikono yao kuvipandisha orofa ya tatu.

"Na kuna mzee wetu mmoja," Sagynbek aliendelea huku akitabasamu, "mnamjua, hakosi matanga, akifika glasi ya tatu huanza: kitabu changu, kitabu changu!" Watu wawili watatu walicheka. "Basi safari nyingine tumwambie, agai, tumetafuta kwa kompyuta. Hicho kitabu chako kiko wapi?"

Kalipa alikuwa ameshika kikombe. Hofu aliyokuwa nayo tangu asubuhi aliijua vizuri. Hii iliyomshika sasa ilikuwa nyingine. Alielewa alichokifanya. Alifuta maji ili wasiyaone, na aliyafuta vizuri kiasi kwamba wachomaji wametoka weupe. Kwa hesabu hiyo Jumabai hakuandika. Vidole vyake vilijivunja vyenyewe.

Alimwona Omurzak ndani ya mvuke. Niache nikae nimekufa.

"Kipo," alisema.

Haikuwa sauti kubwa. Lakini ilifika hadi viti vya mbele.

"Nani amesema?" Sagynbek aliuliza, bado anatabasamu. "Eje? Chai imepoa?"

"Kitabu kipo. Na vingine. Viko chini, kwenye rafu."

"Kalipa Dosalievna," Sagynbek alisema.

Hapo watu waliinua vichwa. Miaka yote alikuwa akimwita eje, kama kila mtu. Jina la baba, kwa midomo ya bosi, mbele za watu, tunajua sote linatumika lini, adhabu ikikaribia.

"Niliandika neno maji kwa herufi za Kilatini," Kalipa alisema. Alikuwa akizungumza na birika, si na yeye. "Ndiyo maana mashine haikuona. Wakati ule, na leo. Niliandika kwa makusudi."

Mkalimani alisita. Alimwinamia. "Samahani, mama, kwa makusudi au kwa makosa?"

"Kwa makosa!" Sagynbek alidakia kabla Kalipa hajajibu, na sauti yake ilijaa huruma. "Amesema kwa makosa. Mama wa watu amechoka, herufi zinafanana, nani asiyekosea? Sivyo, eje? Ni kosa la kibodi. Tutalirekebisha taratibu, ndani kwa ndani, na wewe utapumzika kwa pensheni yako nzuri."

Mlango ulikuwa umefunguliwa kwa ajili yake, mpana, na upande wa pili kulikuwa na joto. Neno moja tu lilihitajika, na hata hilo alikuwa amekwisha semewa. Aliweka kikombe chini.

"Makusudi," alisema. "Andika, mwanangu. Ma-ku-su-di."

Mkalimani alitafsiri. Na Begimai, ambaye hakuwa ameambiwa na mtu, ambaye mkataba wake ungeisha mwezi uliofuata, alinyoosha kidole na kubonyeza. Ukutani, juu ya kichwa cha Sagynbek na juu ya bega lake, mstari wa buluu ulianza kupanda.

*

Walimwambia Kalipa akangoje chini, kwenye chumba cha wasomaji, asiondoke. Hawakusema angoje nini.

Alikaa kwenye kiti chake cha siku zote. Madirisha yalikuwa yanageuka kijivu. Alijaribu kula manti moja lakini mdomo ulikataa, akairudisha mfukoni. Juu, viti vilikuwa vikiburutwa. Mtu fulani alikuwa akipaza sauti, mwingine akimtuliza. Alifikiria mjukuu wa Omurzak, ambaye hajawahi kumwona, akivua tai. Alifikiria kama amemuua mzee mara ya pili. Hofu haikungoja jibu, ilikuwa imekwisha vua viatu na kukaa.

Mlango wa barabarani ulifunguliwa. Aliyeingia alikuwa amevaa kofia nyeupe ya kalpak na koti la sherehe, na kwenye mkono mmoja wa koti kulikuwa na unga.

"Nilishindwa kukaa," Omurzak alisema. Alikuwa akihema. "Manti zimeungua zote. Nilikaa nikasema, kipo, kipo. Mtu mzima mimi, nazungumza na sufuria." Alitazama huku na huku. "Hata kadi ya msomaji sina. Walininyang'anya."

"Agai," Kalipa alisema, "nimesema. Mbele yao. Umechelewa kunizuia."

Mzee alishika mgongo wa kiti, akakizunguka polepole, akaketi.

"Umesema," alirudia. Alivua kalpak, akaiweka mapajani. "Basi niletee nikione, kabla hawajakiona wao."

Kalipa alikwenda kwenye rafu ya ukutani, ya tatu kutoka dirishani, ambako miaka yote alifuta vumbi kwa zamu yake bila kuwahi kukaa mbele yake zaidi ya inavyopasa. Alirudi nacho kifuani. Kilikuwa chembamba kuliko mzee alivyokumbuka, ilionekana usoni. Hakukifungua. Alikilaza mezani na kukiwekea kiganja juu, kama vile mtu anavyopima homa ya mtoto.

Ndani ya ukuta lifti iliguna, ikaanza kushuka. Wote wawili waliisikia. Wakati huohuo, kwenye ngazi, kulikuwa na hatua nyepesi, za Begimai bila shaka, zikikimbia ili zifike kabla ya lifti.

Kalipa aliwasha taa ya mezani, akaisogeza karibu na mkono wa mzee, ili aweze kusoma.